Uzi: Babu yangu ameandikwa "Dorobo" katika orodha ya nyaraka. Jina hilo lifutwe au libaki?

1. Mjukuu wa Tinet

Salaam, wanajukwaa. Juma lililopita niliingia katika chumba kimoja cha kusomea nyaraka hapa Nairobi, nikaacha mkoba mlangoni, nikapewa fomu na kuonywa kwamba kalamu ya wino hairuhusiwi. Nilikuwa natafuta chochote kilichoandikwa kabla ya uhuru kuhusu Waogiek, watu wa kuwinda na kurina asali, wa upande wa Tinet katika Msitu wa Mau, kwa kuwa babu yangu amekula chumvi nyingi na anataka, kabla macho hayajamwisha, aione karatasi inayotaja mahali ambapo baba yake alitundika mizinga. Nikaandika "Ogiek" kwenye kompyuta, hakuna kitu. Nikaandika "Okiek", hakuna kitu. Mhudumu mmoja mzee, ambaye bila shaka ameshawaona wengi wa aina yangu, aliinama akaninong'oneza kama mtu anayetaja tusi mbele ya mtoto: "Jaribu Dorobo. Usipopata, ongeza N mbele." Kurasa tatu zikajaa.

Mnaojua Kimaasai mnajua asili ya neno hilo. Ni mtu asiye na ng'ombe, yaani fukara. Mtu aliyekuwa na mizinga arobaini msituni na kuujua kila mti kwa jina lake aliandikwa kwa kile asichokuwa nacho, na mimi mjukuu wake nalazimika kumtukana kwanza ndipo nimwone. Hoja yangu ni kwamba majina ya namna hii yafutwe katika orodha zote za maktaba na nyaraka, na badala yake yawekwe yale ambayo watu hujiita wenyewe. Anayepinga aseme sababu yake.

2. Mkutubi Mstaafu

Pole, mwanangu. Sipingi, ila naomba tutenganishe mambo mawili ambayo umeyatia katika kapu moja.

Katika maktaba, kichwa cha mada kinachoandikwa kwenye kadi ya kitabu ni kauli ya mkutubi. Mwandishi wa kitabu hakukiandika. Sisi ndio tuliokiandika, au tulikinakili kutoka kwa wengine. Kikiwa cha matusi, tunaweza kukibadilisha leo alasiri na kitabu chenyewe kisiguswe. Katika nyaraka hali ni nyingine. Ikiwa karani wa Mkuu wa Wilaya aliandika "Dorobo" kwenye jalada kwa mkono wake, maneno hayo ni sehemu ya ushahidi. Ukiyafuta umelisafisha jalada la mkoloni kwa niaba yake, na mjukuu wako wa kesho hatajua kwamba babu yake aliwahi kuitwa hivyo na serikali iliyomtoza kodi.

Kinachowezekana, na ambacho nimekifanya kwa miaka mingi, ni kuliacha jina la jalada jinsi lilivyo, kisha kuandika chini yake maelezo yetu ya leo na kuweka kielekezi: anayetafuta Ogiek atumwe huko bila kunong'onezwa na mtu.

3. Dereva wa 46

Mkutubi, kwa hiyo dawa ya tusi ni kuliacha palepale na kuliwekea kibao cha kuwaelekeza watu lilipo? Nauliza tu. Mimi ni mtu wa usukani.

4. Binti wa Mrima

Naomba niseme jambo ambalo halitawafurahisha wenzangu wa Pwani. Tunapenda kusema Mzungu alitupachika majina, lakini tukichunguza, mengi aliyakuta barabarani. Misafara iliyotoka Mombasa na Pangani kwenda bara ilikuwa na wapagazi, wakalimani na viongozi wa njia, na hao ndio waliokuwa wakiulizwa, "Wale kule ni watu gani?" Jibu lilitoka kinywani mwa jirani, pengine jirani mwenye ugomvi nao. "Dorobo" ni neno la Wamaasai kuhusu wasiofuga. "Wanyika" ni neno letu sisi wa mjini na visiwani kuhusu Wagiriama, Wadigo, Waduruma na ndugu zao, maana yake ni watu wa porini tu, na wamisionari Krapf na Rebmann wakaliingiza hata katika kamusi iliyochapishwa mwaka 1887. Jina la Mijikenda lilishika kasi miaka ya 1940 kwa sababu wenyewe walichoka kuitwa pori.

Kwa hiyo tukisema tuondoe ukoloni katika maelezo, tuanzie wapi? Mimi natengeneza orodha ya picha za zamani kwa Kiswahili, na kila siku najikwaa kwenye maneno yetu wenyewe. "Mshenzi" tulilisema kabla ya gavana wa kwanza kufika. "Ustaarabu" tunalitumia shuleni bila kujiuliza Mwarabu anafanya nini ndani yake. Nikitafsiri kadi ya Kiingereza iliyojaa dharau kwa Kiswahili kilichojaa dharau ya aina nyingine, nimemtoa nani utumwani?

5. Mwana wa Orkoiyot

Dada, hoja yako nimeielewa, lakini inampunguzia Mwingereza mzigo wake upesi mno. Jirani akikuita jina baya, unaweza kumrudishia la kwako. Serikali ikilichukua jina hilo na kulitungia sheria, huna pa kulirudisha.

Mfano wa kwetu. Kiongozi wa kiroho wa Wanandi na Wakipsigis ni Orkoiyot. Karatasi za utawala zinamwita "laibon", neno la Kimaasai, kwa kuwa maofisa walikuwa wameshalizoea. Mwaka 1934 serikali ilipitisha sheria ya kuwahamisha hao iliowaita "laibon", na watu wa ukoo wa Talai, anakotoka Orkoiyot, wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, wazee kwa watoto. Leo ukitafuta neno Talai au Orkoiyot katika orodha nyingi, utapata machache sana. Ukitafuta "laibon", yanatoka mengi, kwa neno lilelile lililokuwa kwenye amri yenyewe ya kuwahamisha. Huyo si mkalimani aliyekosea. Ni karani aliyejua anachofanya, na wanaonakili orodha hiyo hadi leo bila kuongeza neno.

Na tafadhali, Mkutubi, kielekezi ulichokitaja kipo wapi? Mimi sijawahi kukiona.

6. Mwalimu wa Historia

Nataka kumrekebisha mwanzilishi wa uzi, kwa nia njema. Dorobo na Ogiek si jina la zamani na jina jipya la watu walewale. Neno Dorobo lilitumika kuwafunika watu wengi waliokuwa na jambo moja tu la pamoja machoni pa wengine: waliishi kwa kuwinda na kurina asali. Waogiek wamo. Wayaaku wa msitu wa Mukogodo, Laikipia, wamo pia, na lugha yao ya asili haina undugu na Kiogiek. Kuna majalada yanayowaita Wasengwer wa Cherang'any kwa jina hilohilo. Mashine ikiamriwa ibadilishe "Dorobo" kuwa "Ogiek" katika orodha nzima, itamgeuza Myaaku kuwa Mwogiek kwa dakika moja, jambo ambalo hata wakoloni hawakulifanya waziwazi.

Nasema waziwazi kwa sababu walilifanya kwa njia nyingine. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Carter, iliyotoa ripoti yake miaka ya 1930, ilipendekeza kwamba Wadorobo wahamishiwe katika maeneo ya makabila waliyokaribiana nayo na kumezwa humo. Soma pendekezo hilo pamoja na neno lenyewe. Ukishawaita watu wote hao kwa kile wasichokuwa nacho, ni rahisi kuamua kwamba hawana pia kabila wala ardhi. Kwa hiyo ninakubaliana na Mwana wa Orkoiyot kuhusu makali ya jina, lakini dawa ya kufuta na kubadilisha itawadhuru wadogo kuliko wote.

7. Mjukuu wa Tinet

Asante, Mwalimu. Nilijua Wayaaku wapo, ila sikuwahi kufikiri kwamba wamo ndani ya neno letu. Naona aibu kidogo kuliita neno letu.

Hata hivyo, nani atakaa aligawe? Mtu anayesoma jalada moja moja na kusema hili ni la Waogiek, hili la Wasengwer, hili halijulikani? Hiyo ni kazi ya miaka.

8. Kalamu ya Risasi

Ni kazi ya miaka, na naweza kuwaambia kwa nini haifanyiki, kwa maana nimeifanya kwa mkataba wa miezi sita. Sitataja mahali.

Tulikuwa wanne na mashine mbili za kuskani. Kila jalada lilifika likiwa limefungwa kwa uzi mweupe, karatasi zimeshikanishwa kwa pini za chuma zilizoshika kutu hadi zikaacha alama ya kahawia kwenye kurasa tatu za chini. Kazi ya kwanza ni kung'oa pini bila kuchana. Kazi ya pili ni kuskani. Kazi ya tatu, iliyopewa muda mfupi kuliko zote, ni kuandika maelezo, na maelezo yalikuwa kunakili kilichopigwa taipu kwenye gamba la jalada, hata kama ndani mlikuwa na habari nyingine kabisa. Niliwahi kufungua jalada lililoitwa kwa kifupi "Mengineyo" nikakuta barua za wazee wakilalamikia mpaka wa malisho. Nililiandika "Mengineyo". Tulihesabiwa kwa idadi ya kurasa kwa siku, si kwa akili.

Programu ile ilikuwa na nafasi ya "jina mbadala". Ipo hadi leo, tupu kuanzia rekodi ya kwanza hadi ya mwisho. Mnatafuta dhamira ya mkoloni. Mimi naona bajeti.

9. Mwana wa Orkoiyot

Bajeti nayo ni dhamira. Kila mwaka mtu hukaa mezani akaamua kipi kinunuliwe.

10. Mkutubi Mstaafu

Swali la kielekezi nimelipokea, na jibu la kweli ni kwamba nilivyoviweka mimi vilikuwa kwenye kadi, na kabati za kadi zilipoondolewa ili kupisha kompyuta, hakuna aliyevihamisha. Ninazo kadi chache nyumbani. Mke wangu huandikia orodha ya soko mgongoni mwake.

Niongeze upande wa vitabu, maana tumeusahau. Watu hudhani namba iliyo mgongoni mwa kitabu imetoka mbinguni. Mfumo wa Dewey ulichapishwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1876, na ukiingia leo maktaba nyingi za Nairobi ndio utakaokuta. Dini zimepewa 200 hadi 299. Ukristo umechukua sehemu kubwa mno ya nafasi hiyo. Dini nyingine zote duniani zimebanwa kwenye 290, na dini za Kiafrika ziko 299.6, baada ya nukta. Kitabu cha kaya za Mijikenda, ile misitu yao mitakatifu, mara nyingi hakifiki hata hapo: mkutubi mwenye haraka hukiweka kwenye ngano, 398, au kwenye 133 pamoja na uchawi. Msomaji haambiwi kwamba imani ya bibi yake ni ngano. Anaiona tu kwenye rafu, imewekwa kati ya sungura na fisi.

Vichwa vya mada navyo tuliviagiza kutoka Maktaba ya Bunge la Marekani. Kuna mkutubi Mmarekani aitwaye Sanford Berman aliyefanya kazi katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Zambia mwishoni mwa miaka ya 1960. Huko ndiko alikotambua kwamba kichwa rasmi cha mada, "Kafirs", kilikuwa tusi kwa watu waliomzunguka, na mwaka 1971 akachapisha kitabu kizima cha kuwashtaki wenzake kwa vichwa vya namna hiyo. Nyingi ya hoja zake zilikubaliwa polepole, nyingine baada ya miongo. Napenda kukumbusha kwamba vita hivyo vilipata cheche yake huku kwetu Afrika, ingawa siku hizi vinasimuliwa kana kwamba vilizaliwa Marekani.

11. Mwalimu wa Historia

Mkutubi amenikumbusha kingine. Tazameni vitabu vyetu vya vita vya msituni vimewekewa kichwa gani katika mfumo huohuo wa Marekani: Kenya, Historia, Hali ya Hatari ya Mau Mau, 1952–1960. Hali ya hatari kwa nani? Hilo ni jina la tangazo la gavana. Waliokuwa msituni walijiita jeshi la ardhi na uhuru. Sisi wenyewe tuliacha marufuku ya mwaka 1950 dhidi ya Mau Mau ibaki katika sheria hadi 2003, kwa hiyo sijui tutamlaumu vipi mkutubi wa Washington.

Na kuna maelezo mabaya kuliko yote, ambayo ni kutokuwepo kwa maelezo. Mwaka 1961 majalada ya Kenya yaligawanywa mafungu mawili: yale ambayo serikali mpya ingerithi, na yale yaliyogongwa herufi W, ambayo aliruhusiwa kuyaona ofisa raia wa Uingereza mwenye asili ya Ulaya pekee. Mengine yalichomwa, mengine yakasafirishwa, na hayakukiriwa hadharani hadi 2011, wakati wazee wa Mau Mau walipokuwa mahakamani London. Sasa yako Kew, kwenye nyaraka za taifa za Uingereza huko London, chini ya namba FCO 141. Kwa nusu karne yalikuwa yamehifadhiwa vizuri, yamepangwa, ila hayamo katika orodha yoyote ambayo Mkenya angeweza kuifungua. Tunabishana kuhusu neno lililo kwenye gamba. Kuna waliokosa gamba.

12. Wakili wa Mtaani

Nashangaa hakuna aliyetaja Katiba. Kifungu cha 35(2) kinampa kila mtu haki ya kutaka habari isiyo ya kweli au ya kupotosha inayomhusu isahihishwe au ifutwe. Kifungu cha 260 kinataja jamii asilia zilizoshikilia maisha ya kuwinda na kukusanya miongoni mwa jamii zilizotengwa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa hukumu tarehe 26 Mei 2017 ikiwatambua Waogiek kuwa watu asilia wa Msitu wa Mau. Jamii iliyotambuliwa na mahakama kwa jina lake itabakije na jina la kejeli katika orodha inayohifadhiwa kwa fedha za umma?

Jambo la kando ni kwamba Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu Asilia lilipopigiwa kura Septemba 2007, Kenya haikusema ndiyo wala la. Iliketi. Moja ya hoja ambazo serikali zetu hupenda ni kwamba Waafrika wote ni wenyeji. Kwa hiyo kuna swali ambalo uzi huu haujaligusa: mkutubi akiandika "watu asilia" kwenye kadi ya kitabu cha Kenya, amemaanisha nani?

13. Mwalimu wa Historia

Wakili, kifungu hicho kinamlinda mtu aliyeandikwa uongo. Karani wa 1930 aliyeandika Dorobo hakuandika uongo kwa maana ya kisheria, aliandika dharau. Sioni jaji akifuta gamba la jalada kwa sababu hiyo.

14. Wakili wa Mtaani

Ndiyo maana kuna majaji zaidi ya mmoja, Mwalimu.

15. Dereva wa 46

Na mawakili hulipwa kwa kila mmoja wao.

Tuache mzaha. Baba wa baba yangu alivaa kipande shingoni, kile cheti cha ndani ya kibati ambacho kila mwanamume Mwafrika alilazimika kuwa nacho. Shangazi yangu anacho hadi leo. Penye kabila pameandikwa "Kavirondo", basi. Kwa wakati ule Kavirondo alikuwa Mluo na alikuwa Mluhya. Wenye kujali waliongeza kama ni wa Kibantu au wa Kiniloti, na karani wa babu yangu hakujali. Babu alifia Nairobi akiwa kijana, mkewe alikuwa Mkamba, na sisi tumekua Kawangware bila kujua kwa hakika tuelekee Siaya au Kakamega wakati wa mazishi. Shangazi anasema tulikuwa Waluo. Mjomba wake alisema Wanyore, yaani Waluhya. Nisaidieni basi: katika kadi yangu mtaandika jina lipi la heshima badala ya Kavirondo?

16. Kalamu ya Risasi

Ndugu Dereva, hiyo ndiyo rekodi ambayo ningeiacha bila kuigusa na kuiandikia ukurasa mzima.

17. Binti wa Mrima

Nimesoma kisa cha Dereva mara mbili.

Naomba tufikirie pia vitu ambavyo havipaswi kuelezwa kabisa, au si mbele ya kila mtu. Vigango vya Wagiriama ni nguzo za kuwakumbuka marehemu wa chama cha Gohu. Vilipoibwa makaburini na kuuzwa ng'ambo, vilipata kadi nzuri za makumbusho: mti, urefu, umri, "sanaa ya Afrika Mashariki". Hakuna kosa la tahajia kwenye kadi kama hiyo, lakini yote ni makosa, kwa sababu imemfanya marehemu kuwa kinyago. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 katika boma moja vilirudishwa kutoka Marekani mwaka 2007, na kilichosaidia kuvitambua hakikuwa kadi bali picha iliyopigwa vikiwa bado vimesimama mahali pake. Wapokomo nao wana ngoma yao, Ngadji, iliyochukuliwa na Waingereza mwanzoni mwa karne iliyopita na ambayo iko London. Kwa wenyewe si kila mtu aliyeruhusiwa kuiona. Je, maelezo mazuri zaidi ya ngoma hiyo ni kuiandikia aya tatu mtandaoni zenye picha?

Sina jibu. Ila nimeona watu asilia wa kwingineko wakibandika alama kwenye rekodi za dijitali zinazosema, kwa mfano, kwamba habari hii ni ya wanawake, au ni ya msimu fulani wa mwaka. Napenda wazo hilo, ingawa najua wazee wa kaya watauliza kwanza ni nani aliyeiweka habari hiyo kwenye kompyuta.

18. Msafiri wa Vancouver

Nimekuwa msomaji tu, ila Binti amenichokoza. Niko Kanada kwa masomo ya ukutubi. Chuoni hapa kuna maktaba ya watu asilia, Xwi7xwa, ambayo haitumii Dewey. Inatumia mfumo uliotokana na kazi ya Brian Deer, mkutubi wa taifa la Mohawk wa Kahnawake, aliouanza miaka ya 1970. Jambo lililonigusa ni dogo: mataifa hayapangwi kwa alfabeti, yanapangwa kwa ujirani. Wanaopakana katika nchi wanapakana katika rafu. Nimejaribu kufikiria rafu ya Kenya iliyopangwa hivyo, Wapokomo karibu na Waorma, Waogiek karibu na Wakipsigis na Wamaasai, nikaona pia kwa nini baadhi ya jirani wangepigana humo maktabani.

Wamaori wa New Zealand nao wana vichwa vya mada vyao kwa Kimaori vinavyotumiwa na maktaba ya taifa. Havikutafsiriwa kutoka Kiingereza. Viliundwa upya kufuata jinsi Wamaori wanavyoona vitu vimezaana.

19. Dereva wa 46

Msafiri, ukirudi utuletee huo mfumo, ila upite nao kwanza kwa wahusika wa mipaka ya kaunti.

20. Nyayo za Tsavo

Nichangie kwa ufupi. Mimi ni Mwaata. Sisi tumeandikwa Wasanye, Waliangulu, na mengine nisiyoyataja. Lakini jina si tatizo langu kubwa. Tatizo ni mada. Miaka ya 1950, baada ya Tsavo kufanywa mbuga, wawindaji wetu wa tembo wenye pinde kubwa walikamatwa kwa wingi katika kampeni dhidi ya ujangili. Kwa hiyo habari za wazee wetu, majina yao, vijiji vyao, hata ustadi wao wa sumu ya mishale, zimo katika majalada ya idara ya wanyama chini ya mada ya ujangili. Andikeni Waata kwa wino wa dhahabu. Kama juu yake bado pana neno "ujangili", mjukuu wangu ataingia kwa mlango wa mahakama.

Mjukuu wa Tinet, jaribu kutafuta kwenye misitu. Usitafute watu. Wakoloni walituweka pamoja na miti na wanyama.

21. Mwalimu wa Historia

Nyayo amesema lililonishinda kulisema katika aya nne. Nitaongeza takwimu moja tu kwa wanaodhani majina ni mambo ya karatasi za zamani: sensa ya 2009 iliwahesabu Waogiek 78,691, na ya 2019 ikawahesabu 52,596. Sidhani watu elfu ishirini na sita walitoweka. Fomu, karani, swali lililoulizwa, na jina ambalo mtu aliona ni salama kulitaja siku hiyo, vyote vinaingia humo.

22. Mkutubi Mstaafu

Au mipaka ya maeneo ya kuhesabia ilibadilika, Mwalimu. Au watu walihamishwa. Tusiitwike tahajia kila mzigo.

23. Mjukuu wa Tinet

Nimerudi mjini jana. Niliandika mgongoni mwa risiti majina yote mliyoyataja, nikafuata ushauri wa Nyayo, nikaomba majalada ya misitu. La tatu lilikuwa na karatasi moja iliyopigwa taipu: orodha ya watu kumi na wanne waliopatikana ndani ya msitu, na mbele ya kila jina idadi ya vibanda. Sikuruhusiwa kupiga picha kabla ya kulipia, nikalipia.

Nilitoka nje, nikasimama upande wa sanamu ya Tom Mboya kwa sababu ya kelele za matatu, nikampigia babu simu na kumsomea jina moja moja. Kila nililosoma alilisahihisha, kisha akaniambia huyo alikuwa nani na alimwoa nani. La saba ni baba yake, lina herufi mbili za ziada na halina ile ya mwanzo. Nilipofika la tisa alinyamaza, nikadhani simu imekatika. Kisha akacheka sana. Akasema huyo si mtu. Hilo ni jina la mto. Karani aliuliza "unatoka wapi?" au "unaitwa nani?", mmoja wao hakumwelewa mwenzake, na mto ukaandikiwa vibanda viwili.

Nimeandika masahihisho yote kumi na manne kwenye karatasi, na chini nikaandika jina la babu kuwa ndiye aliyeyatoa. Nimempelekea yule mhudumu mzee. Amesoma yote akiwa amesimama, ameipokea kwa mikono miwili, kisha akaniuliza: sasa hii niiweke wapi? Sikujua la kumjibu. Mnaojua mfumo, naomba msaada kabla ya Ijumaa.

24. Mkutubi Mstaafu

Mwambie aifungulie namba yake yenyewe, yenye jina la babu kama mtoa habari, kisha aandike namba hiyo kwenye rekodi ya jalada la msitu. Isiwe ndani ya jalada.

25. Mwana wa Orkoiyot

Mimi ningeitaka iwe ndani, ukurasa wa kwanza, juu ya orodha ya karani.

26. Kalamu ya Risasi

Ile nafasi ya "jina mbadala" inapokea herufi mia mbili hamsini na tano. Majina kumi na matatu na mto mmoja yanatosha. Na popote atakapoiweka karatasi, asitumie pini.